Kutoa skima ya databesi kwenye modeli mpaka faili la .sql: mwongozo kamili kwa mnaopata faili tupu

Mbukwenyi wakuu. Hii nimeamua kuiandika yote kwa mkupuo mmoja maana haipiti wiki bila mtu kunitafuta, wengine vijana wa UDOM wapo field, wengine wana kaofisi kao Area D hapa Dodoma kama mimi, na swali ni lile lile: modeli zangu za Python (klasi zinazoeleza majedwali ya databesi) ziko poa, app inafanya kazi, ila mteja anataka skima, yaani amri za kujenga hayo majedwali, kwenye faili la .sql, na mi nikilitoa linakuja tupu, au linakuja nusu, au linakuja zima afu likifika kwa mteja linagoma.

Na mteja ana haki kabisa. Mtu anayelinda seva hawezi kukupa neno la siri ili app yako ikajijengee majedwali yenyewe, anataka asome kwanza nini kinaingia, akikubali anaingiza kwa mkono wake.

Mfano wetu ni mfumo wa chama cha wakulima wa zabibu, tuseme cha Hombolo. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, karani anaandika. Majedwali mawili tu, ila mitego yote imo humo humo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Python 3.10 au zaidi
- SQLAlchemy 2, maktaba ya Python ya kuongea na databesi. Kama upo 1.4 skripti itakubali, ila modeli zako utaandika kwa mtindo wa zamani
- PostgreSQL kwenye laptopu yako mwenyewe, ya kujaribia. Sio seva ya mteja, narudia, sio seva ya mteja
- Git
- Modeli zako ziwe kwenye folda moja, hapa naiita `modeli`, na ndani yake faili la `__init__.py` hata kama halina kitu

Ukishainstall hivyo vitu bando halihitajiki tena, kazi yote inaisha hapo hapo kwenye mashine.

## Hatua ya 1: Modeli zote ziwe na mzazi mmoja

Andika faili `modeli/msingi.py`:

```python
from sqlalchemy import MetaData
from sqlalchemy.orm import DeclarativeBase

class Msingi(DeclarativeBase):
    metadata = MetaData(naming_convention={
        "ix": "ix_%(column_0_label)s",
        "uq": "uq_%(table_name)s_%(column_0_name)s",
        "ck": "ck_%(table_name)s_%(constraint_name)s",
        "fk": "fk_%(table_name)s_%(column_0_name)s_%(referred_table_name)s",
        "pk": "pk_%(table_name)s",
    })
```

Kwa nini mzazi mmoja: SQLAlchemy inaweka orodha ya majedwali kwenye `metadata` ya mzazi. Ukiwa na wazazi wawili, mmoja wa watumiaji mwingine wa malipo, una orodha mbili zisizojuana, unatoa moja afu unashangaa nusu ya mfumo imeenda wapi. Hii hutokea sana mkigawana kazi watu wawili na kila mmoja akaanzisha folda yake.

Yale majina ya ajabu ajabu kwenye `naming_convention` usiyaruke. Bila hayo, masharti yako yanaingia kwenye faili bila majina na Postgres inayabatiza yenyewe. Leo hutaona shida. Shida utaiona siku unataka kufuta sharti moja, kwako linaitwa hivi, kwa mteja linaitwa vile.

Angalizo: kama mfumo tayari uko hewani usiyaongeze kienyeji, maana majina mapya hayatafanana na yaliyopo kule, hiyo inataka migresheni yake (amri za kubadilisha databesi iliyopo tayari).

## Hatua ya 2: Pitia modeli, tafuta vitu visivyofika kwenye SQL

Hili ndo faili `modeli/zabibu.py`:

```python
import enum
from datetime import datetime
from decimal import Decimal
from sqlalchemy import Enum, ForeignKey, Numeric, String, func
from sqlalchemy.orm import Mapped, mapped_column
from .msingi import Msingi

class AinaZabibu(enum.Enum):
    makutupora = "makutupora"
    chenin = "chenin"

class Mkulima(Msingi):
    __tablename__ = "wakulima"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    jina: Mapped[str] = mapped_column(String(120))
    simu: Mapped[str] = mapped_column(String(15), unique=True, index=True)

class Mzigo(Msingi):
    __tablename__ = "mizigo"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    mkulima_id: Mapped[int] = mapped_column(ForeignKey("wakulima.id"), index=True)
    aina: Mapped[AinaZabibu] = mapped_column(Enum(AinaZabibu, name="aina_zabibu"))
    kilo: Mapped[Decimal] = mapped_column(Numeric(10, 2))
    umepokelewa: Mapped[datetime] = mapped_column(server_default=func.now())
```

Angalia ule mstari wa mwisho. Nimeandika `server_default`, sio `default`. Watu wengi wanaandika `default=datetime.now`, kwenye app inafanya kazi safi kabisa, ila ile ni Python ndo inajaza tarehe kabla ya kutuma, databesi haina habari. Kwenye faili la .sql utakuta `NOT NULL` imekaa peke yake. Siku mtu akija kumimina data za zamani kutoka Excel bila kupita kwenye app yako, databesi inamkatalia kwamba tarehe ni tupu, na simu atakupigia wewe. Hiyo hiyo na `onupdate`, nayo ni ya Python tu, kwenye faili haiji.

Mtego wa pili ni `Enum`. SQLAlchemy inatunza jina la upande wa kushoto, sio thamani ya upande wa kulia. Hapo juu nimefananisha makusudi ili yasigombane. Ukiandika `MAKUTUPORA = "makutupora"` kwenye faili itatoka kwa herufi kubwa, na mwenzako anayeandika ripoti kwa SQL atatafuta herufi ndogo mpaka jioni. Ukitaka iandike thamani, ongeza `values_callable=lambda e: [x.value for x in e]` ndani ya ile `Enum`.

## Hatua ya 3: Andika skripti ya kutoa

Hapa ndo wengi wanapoangukia. Utakuta mtu kapata kipande mahali kinachozungusha majedwali moja moja na kuchapisha `CreateTable`. Inatoka kitu kinachofanana na SQL, unafurahi, unatuma.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nimekaa ofisini kwa mteja, jamaa wa seva kaingiza faili mbele ya macho yangu, likagoma:

```
ERROR:  type "aina_zabibu" does not exist
```

Kumbe `CreateTable` inatoa jedwali tu. Ile aina ya `Enum` kwa Postgres ni kitu kinachojitegemea, kina amri yake ya `CREATE TYPE`, na haikuwemo. Basi nikajifanya mjanja, nikaiandika kwa mkono juu ya faili, likaingia, tukapeana mikono nikaenda zangu.

Wiki chache mbele karani ananiambia kuna namba moja ya simu ina wakulima wawili, na mizigo ya mzee mmoja imegawanyika nusu huku nusu kule. Nikamwambia haiwezekani, si nimeweka `unique=True`? Nikaenda kuangalia, hamna kitu. Ukiweka `unique=True` pamoja na `index=True` kwenye kolamu moja, SQLAlchemy haiweki sharti ndani ya jedwali, inatengeneza indeksi ya kipekee pembeni, yaani `CREATE UNIQUE INDEX`, na indeksi nazo `CreateTable` haizitoi. Ile `CREATE TYPE` ilipiga kelele nikaiona, hii ilikaa kimya. Tulikaa siku mbili na daftari la mizani tunaunganisha mizigo mmoja mmoja.

Kwa hiyo usizungushe majedwali. Tumia `create_mock_engine`, hii inaiambia SQLAlchemy ijifanye inajenga databesi nzima kwa `create_all`, ila badala ya kutuma amri kwenye seva inakupa wewe kila amri mkononi. Aina, majedwali, indeksi, vyote vinapita hapo kwa mpangilio unaotakiwa, na haiunganishi na databesi yoyote.

Faili `toa_skima.py`, liweke nje ya folda ya `modeli`:

```python
from pathlib import Path
from sqlalchemy import create_mock_engine
from modeli.msingi import Msingi
import modeli.zabibu

if not Msingi.metadata.tables:
    raise SystemExit("Hamna jedwali hata moja, angalia import zako")

amri_zote = []

def kusanya(amri, *a, **k):
    maandishi = str(amri.compile(dialect=injini.dialect)).strip()
    amri_zote.append(maandishi + ";")

injini = create_mock_engine("postgresql+psycopg2://", kusanya)
Msingi.metadata.create_all(injini, checkfirst=False)

Path("skima.sql").write_text("\n\n".join(amri_zote) + "\n", encoding="utf-8")
print(len(Msingi.metadata.tables), "majedwali,", len(amri_zote), "amri")
```

Nieleze vitu vinne hapo, maana vyote ni maswali niliyoulizwa.

`import modeli.zabibu` inaonekana haitumiki popote, editor yako itakuchorea mstari kwamba uifute. Usiifute! Hii ndo sababu namba moja ya faili tupu. Jedwali linajiandikisha kwenye orodha pale tu Python inaposoma faili lake, usipoimport hakuna aliyejiandikisha, orodha ni tupu, faili ni tupu, na hakuna kosa lolote linalotokea kwa sababu kujenga majedwali sifuri sio kosa. Ukiwa na mafaili kumi ya modeli, yaimport yote kumi.

Nukta mkato unaiongeza mwenyewe, SQLAlchemy haiweki. Bila hiyo psql (programu ya kuingizia amri kwenye Postgres) itaona amri zako zote ni sentensi moja ndefu.

`injini.dialect` ndo inayofanya SQL itoke kwa lugha ya Postgres. Ukiandika `str(amri)` tupu unapata SQL ya jumla jumla. Mteja akitumia MySQL badilisha ule mstari wa `create_mock_engine`, usibadilishe faili lililotoka kwa mkono.

Kuandika faili ndani ya Python badala ya kutumia alama ya `>` kwenye teminali: walio kwenye Windows na PowerShell ile ya 5.1 inayokuja na mashine, alama ile inaandika faili kwa UTF-16. Kwa macho liko sawa, psql ikilisoma inakutana na takataka mwanzoni kabisa. Kuna kijana alinitumia faili lake mara tatu nikamwambia mbona liko sawa, kumbe kila akikopi na kulipesti kwenye WhatsApp ndo linapona.

## Hatua ya 4: Endesha, halafu soma

```
python toa_skima.py
```

Ikikubali unaona `2 majedwali, 5 amri`. Fungua `skima.sql`, iwe hivi:

```sql
CREATE TYPE aina_zabibu AS ENUM ('makutupora', 'chenin');

CREATE TABLE wakulima (
	id SERIAL NOT NULL, 
	jina VARCHAR(120) NOT NULL, 
	simu VARCHAR(15) NOT NULL, 
	CONSTRAINT pk_wakulima PRIMARY KEY (id)
);

CREATE UNIQUE INDEX ix_wakulima_simu ON wakulima (simu);

CREATE TABLE mizigo (
	id SERIAL NOT NULL, 
	mkulima_id INTEGER NOT NULL, 
	aina aina_zabibu NOT NULL, 
	kilo NUMERIC(10, 2) NOT NULL, 
	umepokelewa TIMESTAMP WITHOUT TIME ZONE DEFAULT now() NOT NULL, 
	CONSTRAINT pk_mizigo PRIMARY KEY (id), 
	CONSTRAINT fk_mizigo_mkulima_id_wakulima FOREIGN KEY(mkulima_id) REFERENCES wakulima (id)
);

CREATE INDEX ix_mizigo_mkulima_id ON mizigo (mkulima_id);
```

Wakulima wametangulia kabla ya mizigo, sio kwa bahati, majedwali yanapangwa kwa kufuata nani anamtegemea nani. Hapa pia utaona makosa ya modeli ambayo kwenye Python yalijificha. Mfano ule muda ni `WITHOUT TIME ZONE`, kama ulitaka saa yenye ukanda itabidi urudi kwenye modeli uandike `DateTime(timezone=True)`.

Usirekebishe kwenye faili la .sql. Rekebisha modeli, endesha tena. Ukigusa faili kwa mkono, mara ya pili skripti itafuta ulichoandika na utakuwa umesahau.

## Hatua ya 5: Mimina kwenye databesi tupu

Hatua hii watu wanairuka ndo maana aibu inawakuta kwa mteja.

```
createdb skima_jaribio
psql -d skima_jaribio -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -f skima.sql
```

`ON_ERROR_STOP=1` muhimu, psql ya kawaida ikikutana na kosa inalichapisha halafu inaendelea na amri inayofuata kama hakijatokea kitu, kosa linapanda juu ya skrini huku chini unaona `CREATE TABLE` unadhani mambo safi. Ile `-1` inafunga amri zote kwenye muamala mmoja, ikishindwa moja zote zinarudi, hubaki na databesi iliyojengwa nusu.

Mafanikio ni mistari mitano, ukiondoa maneno mengine yoyote: `CREATE TYPE`, `CREATE TABLE`, `CREATE INDEX`, `CREATE TABLE`, `CREATE INDEX`. Baada ya hapo ingia ndani ujaribu kuivunja:

```sql
INSERT INTO wakulima (jina, simu) VALUES ('Jaribio A', '0700000000');
INSERT INTO wakulima (jina, simu) VALUES ('Jaribio B', '0700000000');
```

Ya pili lazima ikataliwe. Ikikubali, rudi hatua ya 3. Haya majaribio mawili yangeniokolea zile siku mbili za daftari.

Ukimaliza `dropdb skima_jaribio`, na ukibadilisha modeli unaanza upya na databesi mpya, usimimine juu ya ile ile.

## Hatua ya 6: Vitu ambavyo modeli hazina kabisa

View, triga, fankisheni za ndani ya Postgres, ruhusa za watumiaji, na nyongeza kama PostGIS kama unachora mipaka ya mashamba. Hivi modeli za kawaida hazivijui na skripti haiwezi kutoa kisichokuwepo.

Mimi naviweka kwenye mafaili mawili ya mkono, `00_kabla.sql` ya vitu vinavyotakiwa vitangulie kama `CREATE EXTENSION`, na `99_baada.sql` ya view na triga. Yanaingia Git na yanajaribiwa pamoja, psql inakubali `-f` zaidi ya moja kwenye amri moja, inazifuata kwa mpangilio ulioziandika.

Kama una databesi ya zamani na hujui ina nini, `pg_dump --schema-only --no-owner` itakutolea skima iliyoko kule kweli, linganisha na ya kwako. Usitegemee mistari ifanane moja kwa moja, pg_dump ina uandishi wake, we tafuta kitu kilichopo huku na kule hakipo.

## Hatua ya 7: Kama mteja tayari ana data

Simama hapo. Faili tulilotoa ni la databesi tupu. Haliongezi kolamu kwenye jedwali lililopo, litakuambia jedwali lipo tayari na kugoma.

Hapa unataka migresheni, na Alembic (chombo cha migresheni cha SQLAlchemy) inaweza kuzitoa kama SQL bila kugusa seva:

```
alembic upgrade toleo_la_zamani:toleo_jipya --sql
```

Weka namba halisi za migresheni zako hapo. Ukiandika `head` peke yake inatoa kuanzia mwanzo wa dunia. Na migresheni yoyote inayosoma data kwanza ndo iamue cha kufanya itagoma kwa njia hii, kwa kuwa hakuna databesi ya kuisoma, hiyo iandike upya kwa SQL yenyewe.

## Mnaotumia vitu vingine

Django: `python manage.py sqlmigrate jina_la_app 0001`, migresheni moja moja, na yenyewe inahitaji databesi iwe imeunganishwa, tofauti na hii yetu.

Hibernate: weka `jakarta.persistence.schema-generation.scripts.action=create` na `jakarta.persistence.schema-generation.scripts.create-target=skima.sql`. Futa faili la zamani kwanza, Hibernate kwa kawaida inaongezea chini yake badala ya kuanza upya, utajikuta na kila jedwali mara tatu.

.NET: `dotnet ef dbcontext script -o skima.sql`, basi.

## Kumkabidhi mteja

Tuma `skima.sql` na yale mafaili mawili ya mkono kama kiambatisho, usipesti maandishi kwenye ujumbe. Andika toleo la PostgreSQL ulilojaribia, mpe ile amri ya psql nzima pamoja na `ON_ERROR_STOP`, na mwambie ategemee kuona mistari mingapi. Jamaa wa seva akiona tano na we ulisema tano hata simu hapigi, na kama ni Ijumaa jioni kesho yake wote mnaenda mnadani Msalato kula nyama.